Vichwa vya Malaika kwa Mama Otylie

Mimi nimegawa barua hapa Zálesov, Ucheki mpakani, kwa miguu yangu, tangu usichana mpaka magoti yaliponigomea, na hakuna jiko la kijiji hiki ambalo siijui harufu yake. Kwa hiyo mtu asinifundishe habari za Mama Otylie. Watakwambia alikuwa kichaa. Watakwambia alikuwa Mjerumani mwenye kiburi. Waongo wakubwa hao! Alikuwa mama aliyetaka kitu kimoja tu hapa duniani, kichwa cha malaika chenye ukubwa wa boga dogo, na kijiji kizima kikahakikisha hakipati.

Nianze na kanisa, maana bila kanisa hakuna kisa. Kanisa letu la Mtakatifu Ana lilijengwa na watu wa zamani waliokuwa na mali ya kuchezea na woga mkubwa wa jehanamu. Halikuwa na ukuta ulionyooka. Ukiingia ulijikuta ndani ya umbo la yai, kuta zimebenuka huku, zimebonyea kule, macho hayapati pa kutulia. Nguzo ungeapa ni za marumaru nyekundu. Marumaru gani! Ilikuwa jasi iliyochanganywa na gundi na rangi, ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Dari ilichorwa mbingu imefunguka na watakatifu wanapaa, na palikuwa na jiwe moja jeusi katikati ya sakafu. Ukisimama juu ya jiwe hilo, mbingu unaiona kweli, unaweza hata kulia. Ukisogea pembeni kidogo, watakatifu wote wanaegemea upande mmoja kama walevi wanaofukuzwa baa. Mnara ulivaa kuba la umbo la kitunguu, limefunikwa shaba. Na kuzunguka ukuta mzima, chini ya dari, vilijipanga vichwa vya malaika watoto, mashavu tele, mabawa mawili chini ya kidevu, mwili hakuna.

Otylie alizaliwa hapa wakati kijiji chote kilikuwa cha Wajerumani. Akaolewa na Mcheki, bwana Šimek, mlinzi wa msitu, akawa Mama Šimková, na watu wa pande zote mbili wakanuna. Wakapata mtoto mmoja, Toni. Siku moja Toni amelazwa kwenye kikapu uani, nguruwe jike akachomoka bandani, akamng'ata sikio la kushoto na kuondoka na kipande. Mtoto akapona, sikio likabaki na pengo.

Kiangazi hichohicho radi ikapiga kanisa, na kichwa kimoja cha malaika, kile cha karibu na mimbari, kikawa vumbi. Akaletwa fundi kutoka mjini, jina lake Ferdinand, akapanga kwa akina Šimek. Huyu Ferdinand hakuwa na subira ya kuhangaika na jasi kama wazee. Akafinyanga kichwa kwa saruji, akakitia waya nyuma, na alipohitaji uso wa kuiga, akamtazama aliyekuwa karibu. Karibu alikuwepo Toni kwenye kikapu chake. Akamchukua kama alivyo, na pengo la sikio. Kikapakwa chokaa kama wenzake, kikapandishwa, na Otylie alicheka Jumapili nzima. Alikuwa akisema, "Hata mbinguni wapo walioumwa na nguruwe!"

Majira ya baridi yalipoingia, dondakoo likamchukua Toni. Mpiga picha alikuwa anakuja kijijini mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Ana, na mwaka ule walimwambia asubiri mwakani, mtoto akishajua kusimama. Basi picha ikawa hakuna. Uso wa Toni ulibaki mahali pamoja tu, juu ukutani, karibu na mimbari. Otylie hakuzaa tena. Kila Jumapili alikaa benchi lilelile, shingo ameinua, na padri aseme asemalo.

Ikaja vita. Kengele zikachukuliwa kuyeyushwa, na shaba ya kuba ikazifuata. Vita ilipokwisha, Wajerumani wakaamriwa waondoke na mafurushi yao, wakaenda kweli, wengine chungu bado kiko motoni. Otylie akabaki kwa sababu mumewe alikuwa Mcheki. Sisi ndio tukaletwa kukaa kwenye zile nyumba, watu wa kuokotezwa huku na huko, kila mtu na njaa yake. Mti ukamwangukia bwana Šimek msituni, akafa. Hapo Otylie akawa peke yake katikati ya watu waliolala kwenye vitanda vya shangazi zake na kumwita "yule Mjerumani". Mkuki kwa nguruwe, jamani. Sisi wenyewe tulishafukuzwa kwetu na tukalia, lakini kumwonea yeye tuliona raha.

Kanisa sasa. Padri alikuwa haji tena. Mwenyekiti wa ushirika wa wakulima, Kadlec, mtu wa shingo nene na sauti ya kuita ng'ombe, akaona jengo kubwa limekaa bure wakati mbolea ya chumvichumvi inalowa nje. Akaijaza humo mpaka usawa wa madhabahu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Kadlec alikuwa na kipara. Kuta ziliinywa ile chumvi kama mtoto anavyonyonya. Mwaka wa pili zikaanza kutoa jasho, mwaka wa tatu nguzo za jasi zikabanduka vipande vipande. Halafu ushirika ukajenga zizi, mbao hazikutosha, wakapanda kanisani wakang'oa za paa. Mabenchi yalikwenda kwenye majiko. Mawe ya sakafu yalikwenda kwenye mabanda ya nguruwe, na lile jeusi la katikati analikanyaga nguruwe wa Luboš, dereva wa trekta, mpaka leo. Mvua ikapiga dari miaka mingi, na mchana mmoja theluji inayeyuka tukasikia kishindo. Mbingu nzima imeanguka juu ya mbolea. Unajua Kadlec alisema nini? Alisema, "Mbolea imeharibika." Basi.

Vichwa vya malaika vilibaki vimeng'ang'ania ukutani, juani na mvuani. Kadlec akatangaza kwamba kanisa litasafishwa, anayetaka kitu akachukue.

Siku ile mimi nilikuwa ofisini kwake na mfuko wa barua. Otylie akaingia amevaa nguo ya kwendea misa. Luboš alikuwa amekaa kando ya jiko anaota moto, kama kawaida yake kazi inapomngoja nje.

"Ndugu mwenyekiti, naomba kitu kimoja," Otylie akasema.

"Kila mtu anaomba, Mama Šimková. Sema."

"Kile kichwa cha malaika cha karibu na mimbari. Kina pengo kwenye sikio la kushoto, utakijua tu. Kina uso wa mwanangu. Fundi alimwiga yeye. Picha nyingine sina."

Kadlec akaweka kalamu chini. "Mwanao ni malaika?"

"Alikufa mdogo, ndugu mwenyekiti."

"Na baba yake je?" Luboš akadakia kule kando ya jiko. "Si ndiye yule shetani wa sanamu aliyekanyagwa pale mlangoni mwa kanisa?"

Wakacheka wote wawili. Nikasema, "Luboš, mama yako angekuwa hai angekuzaba kofi." Akanijibu nigawe barua, nisigawe mafundisho.

Kadlec akajifuta macho. "Haya, mama, nenda nyumbani. Mimi si mnyama. Luboš atakuletea kesho kutwa, mpaka mlangoni."

Otylie alimshukuru mpaka nikaona haya mimi. Kosa lake lilikuwa hilo moja, kulitaja lile sikio mbele ya Luboš. Angenyamaza, angechukua ngazi yake akapanda mwenyewe, kisa kingekwisha hapo. Lakini alidhani anazungumza na watu.

Kesho kutwa yake asubuhi Luboš alipanda na nyundo, akaviangusha vichwa vyote juu ya rundo la majani makavu. Wakati huo Vlasta, mke wa Kadlec, akapita na toroli. Jiwe lake la kukandamizia kabichi lilikuwa limepasuka kwa baridi, na kabichi ya kuchachusha bila jiwe zito juu yake inaoza, kila mwanamke wa hapa anajua. Akainua kichwa kimoja, akakiacha. Akainua cha pili, akakiacha. Akainua cha tatu, akasema, "Hiki ndicho kizito," akakitupa kwenye toroli akaenda zake. Hilo nimekuja kulijua baadaye sana, lakini nalisema sasa hivi. Sitaki kukuchezea kama walivyomchezea Otylie.

Luboš akakaa chini na nyundo yake ndogo, akavikata vichwa vilivyobaki masikio ya kushoto. Vyote. Kimoja baada ya kingine, na sigara mdomoni. Kisha akavipakia kwenye tela, akalikokota taratibu kijiji kizima huku anapiga honi, watu wakatoka milangoni. Alipofika kwa Otylie akaumwaga ule mzigo getini, kama viazi.

"Haya bibi!" akapaza sauti. "Mwenyekiti katimiza ahadi. Chagua mwanao!"

Otylie alikuja mbio na taulo safi mikononi, la kumfungia. Akapiga magoti. Akachukua cha kwanza, akagusa sikio, uso ukamng'aa. Akaona cha pili. Cha tatu. Sikio, sikio, sikio. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wapo waliojipigapiga mapaja. Mwanamke mmoja, simtaji kwa kuwa watoto wake wako hai, akauliza, "Bibi, kumbe ulizaa mapacha?" Na Kadlec amesimama pale nyuma, mikono mifukoni, yule asiye mnyama.

Nilimsaidia kuviingiza ndani. Hakulia. Alikuwa ananiuliza tu, kila tulipobeba, "Huyu? Au huyu?" Nami nilikuwa mgeni, sikumjua Toni.

Wengine wangevitupa vyote. Yeye akavipanga madirishani, juu ya kabati, juu ya jiko, pembeni mwa kitanda. Kila Jumamosi aliviosha nyuso kwa maji ya uvuguvugu. Nikipita na barua, ananivuta mkono kwenda kwenye dirisha fulani. "Ni huyu. Tazama anavyokunja mdomo. Alikunja hivi akitaka maziwa." Namwambia vizuri mama, umempata, Mungu mkubwa. Mwezi ujao ni mwingine, wa kabatini. "Nilikosea. Ni huyu, ana macho ya baba yake." Na ujao, mwingine tena. Siku moja nikakasirika, nikamwambia, "Mama Otylie, chagua mmoja umalize, unajitesa!" Akanitazama kama nimemtukana.

"Na nikimchagua wa mtu?" akasema. "Toni atakuwa anatazama wapi mwenyewe, mimi nambusu mwingine?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikanyamaza.

Kijiji hakikunyamaza. Walimwita Mama wa Makumi. Akipanga foleni dukani wanamuuliza kama watoto wamekula. Na kila Krismasi Vlasta alimletea bakuli la kabichi chachu, maana Vlasta alipenda kusifiwa mapishi, na hakuna aliyesifu kama Otylie. Alikuwa anaila na kipande cha nguruwe wa kuoka na madonge ya unga, anafumba macho. "Sijui unaiweka nini, Vlasta," alikuwa anamwambia. "Ya wengine ni chachu tu, yako ina utamu wa ndani." Vlasta anavimba kichwa. Anajibu, "Siri ni jiwe, mama. Jiwe langu zuri. Ya kwenu mnakandamiza na mawe ya mtoni."

Miaka ikaenda. Kadlec akafa na shingo yake. Serikali ikabadilika, ushirika ukavunjika, mpaka wa nchi ukafunguliwa, na wale Wajerumani wa zamani, wale waliobaki hai, wakachanga ili kanisa la Mtakatifu Ana lipone. Akaja fundi wa kurekebisha, kijana mmoja mpole anayeitwa Radim, ana ndevu na mikono myeupe ya jasi. Watu walewale waliobomoa wakaanza kumletea vipande huku wanajisifu: bomba la kinanda lililokuwa la kuwekea maua, bawa, kidole cha mtakatifu. Jamani, binadamu hana haya.

Akafika kwa Otylie. Nilikuwepo, nimemletea pensheni yake. Radim aliposimama mlangoni na kuona zile nyuso zote, alishika kichwa kwa furaha. Alipita anazigonga kwa ukucha, moja moja, anasikiliza.

"Jasi," anasema. "Jasi. Jasi safi ya zamani. Mama, umeokoa hazina! Zote za asili, zote zina zaidi ya miaka mia mbili!"

"Zote?" Otylie akauliza.

"Zote, mama! Niliambiwa kuna kimoja kiliwahi kubadilishwa, fundi mmoja alikitengeneza kwa saruji. Ningekijua kwa mlio na uzito. Bahati nzuri hapa hakipo."

Kijana wa watu, hakujua. Alikuwa anatabasamu. Otylie alitafuta kiti kwa mkono, akakikosa, nikamdaka. Miaka yote ile, zile Jumamosi, yale maji ya uvuguvugu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa Toni. Nikamtoa Radim nje nikamweleza. Akawa mweupe kuliko mikono yake.

Alivichukua vile vichwa ili avirudishe mahali pake, akavipanga juu ya meza ndefu uani mwa kanisa. Otylie akaja kila siku akakaa kwenye kigoda mbele ya meza ile, kama mtu anayengoja basi. Ndipo asubuhi moja Vlasta akatokea na toroli. Tulikuwa watu wengi, kila mtu na kipande chake.

"Haya, fundi, na mimi ninacho changu!" Vlasta akasema. "Nimekitunza ndani miaka yote, hakijapigwa na mvua hata siku moja. Mjukuu kaninunulia vyombo vipya vya kabichi, sikihitaji tena."

Akafunua gunia. Radim akakiinua kwa mikono miwili, akagonga. Akakigeuza, akaona waya wenye kutu umetokeza nyuma. Akamtazama Otylie, na Otylie akawa ameshasimama.

Kilikuwa laini kote. Pua hakuna. Macho hakuna, mdomo hakuna, masikio yote mawili hakuna. Kiazi kilichomenywa. Kabichi inapochachuka hutoa maji makali, na yale maji yanakula saruji kidogo kidogo, kila mwaka utando mwembamba, huoni mpaka siku unayotazama. Uso wa yule mtoto ulikwenda wapi? Ulikwenda kwenye kabichi. Na kabichi tuliila, mimi nikiwemo, na mama yake kuliko wote.

Otylie akakipokea, akakiinamia. Tukamsikia ananusa.

"Vlasta," akasema taratibu. "Hili ndilo jiwe?"

"Sasa ningejuaje, Otylie?" Vlasta akaanza kupaza sauti, na hapo nikajua alijua, au alipata kujua, au hakutaka kujua, yote ni yaleyale. "Mimi nilitazama uzito, sikutazama masikio! Halafu hukuwahi kulalamika. Kila Krismasi ulitaka sahani ya pili!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Naam, hata siku ile, na yeye ana miaka themanini. Alikuwa Luboš. Nilimtupia kiatu changu, na sijutii ila kumkosa.

Radim akapiga goti mbele ya Otylie. "Mama," akasema, "usilie. Uso naweza kuurudisha. Nitaweka saruji mpya juu yake, nitachonga polepole, utakaa hapa pembeni unanielekeza. Wewe ndiye mama yake, wewe unamjua kuliko fundi yeyote." Akatoa karatasi na penseli. "Niambie tu alikuwaje. Tuanze na pua."

Otylie akafumbua mdomo. Akatazama juu, namna mtu anavyotafuta kitu anachojua kabisa alikokiweka. Akatazama mezani, zile nyuso zote zinamtazama, ambazo kila moja aliiosha na kuibusu na kuiita Toni. Akasema, "Mashavu yake," akanyamaza, maana wote wana mashavu. Akasema, "Mdomo alikuwa anaukunja," kisha akatazama yule wa dirishani, na yule wa kabatini, akanyamaza tena. Nikaona mikono yake inatembea juu ya lile jiwe, inatafuta.

"Sikio," akasema mwishowe. "La kushoto. Lilikuwa limekatika."

"Vizuri, mama. Na uso?"

"Sikio," akasema.

Radim akalichora sikio pembeni mwa karatasi, akangoja. Tukangoja wote, hata Vlasta.